Kurumbiza Aliyeuiga Mluzi Wangu

Jumatatu, 2 Juni 1986. Ganda.
Nyevu amekubali! Nikipiga mluzi ukingoni mwa msitu, atatoka shambani kwao tuonane. Ochola wa kwaya humpigia mluzi wa tenzi. Tenzi! Mimi nimetunga wangu: mifupi miwili, mmoja mrefu unaopanda. Nimefanya mazoezi msituni asubuhi nzima. Baiskeli za wateja zisubiri, fundi ana shughuli.

Jumatano, 4 Juni.
Salaale! Msitu umenijibu, kwa utamu kunishinda. Nikadhani ni Ochola, nikaingia vichakani na pampu nimtwange. Kumbe kurumbiza, kidege cha kifua cha rangi ya chungwa! Akamwiga njiwa, akamwiga mwewe, kisha mimi. Nimekaa kwenye majani nikimsikiliza hadi mguu ukafa ganzi. Mdomo mdogo vile, sauti yote ile anaiweka wapi? Machozi yalinitoka. Na heshima ile, kunitaja pamoja na mwewe!

Ijumaa, 6 Juni.
Balaa. Tangu jana Nyevu anaitika mluzi, akitoka hakuti mtu. Kaja kibandani na jembe begani, kaniuliza kama yeye ni mbuzi. Nikasema ni ndege. Akasema sisi watu wa bara hata uongo hatuuwezi.

Jumamosi, 7 Juni.
Mzee Kombe, babake Nyevu, anayesikika kwa kikohozi kabla ya kuonekana, kanikamata shati mbele ya wateja. Nikampa shikamoo, akazidi kulikaza shati. Akasema binti yake haitwi kwa mluzi; mwenye haja naye huja na wazee wake na pombe ya mnazi. Palepale mluzi wangu ukalia msituni, na mimi nimefumba mdomo! Mzee akaniachia. Tukasikiliza sote, hata Ochola aliyekuwa akingoja nimzibie pancha. Mzee akacheka, akasema basi nije kesho na wazee. Ushindi! Ila kwanza nimkomeshe Ochola. Kurumbiza akiujua mluzi wake, Mzee atadhani ni Ochola anamwita binti yake, atamtoa mbio.

Jumapili, 8 Juni.
Nimeshinda msituni nikimfundisha kurumbiza tenzi. Kazishika barabara, kazipamba, Mungu ambariki! Wazee wangu niliwaambia wangoje. Jioni natoka, namwona Ochola akitoka kwa Mzee Kombe na wajomba zake, dumu la mnazi tupu kwenye baiskeli niliyoziba mwenyewe. Wamepokewa. Nyevu anawaambia watu kwamba hata ndege wa msitu walikuwa wakimwimbia Ochola kutwa.

Si kitu. Kesho namfundisha kurumbiza kukohoa kama Mzee Kombe. Tuone kama Ochola hatakimbia.