Pampu Yangu ya Kasi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Bosi katuita mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemtafutia kazi mwenyewe hapa studio miezi sita iliyopita. Wema wangu huu! Kasema kompyuta zote sita za kuhariri video za harusi zitapoozwa kwa maji, na atachagua kati ya mtambo wa kupoozea niliouunda mimi na wa shemeji. Mshindi atakuwa mkuu wa chumba cha mitambo. Jumatano tunapimwa kelele, Ijumaa joto. Tukitoka sare, cheo anachukua mkongwe. Mimi nina miaka tisa hapa.

Shida ni moja. Mke wangu nilishamwambia mwezi uliopita kwamba cheo nimekipata. Naye kamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Pampu yangu ina kasi moja. Ukiiwasha inasukuma maji kwa nguvu zote mpaka uizime. Mwanamume ana neno moja, pampu ina kasi moja. Ya shemeji inabadilika: kompyuta ikiwa baridi inajikokota, ikipata moto inaongeza mwendo. Kigeugeu! Kama mwenyewe, anayefika kwangu akisema hana njaa, kisha anamaliza sufuria.

Ila yangu inanguruma, nakiri. Nimechukua sponji ya kuoshea vyombo, nimeikata vipande viwili. Kimoja kitakaa chini ya pampu, kinyonye kelele. Akili ni nywele.

Jumatano, 5 Machi

Sponji ilikuwa mbichi. Ikachuruzika mezani, watu wakadhani mtambo wangu unavuja. Bosi akazima umeme wa chumba kizima. Kazi ya asubuhi ya watu wanne ikapotea.

Halafu kelele. Fundi sauti, anayekaa katikati yetu, alifumba macho akasema pampu yangu anaisikia mpaka kwenye meno. Ya shemeji, akauliza kama imewashwa. Mwenda pole hajikwai, akaongeza, na hakuna aliyemuuliza. Shemeji moja, mimi bila.

Jioni mke wangu kauliza sponji yake iko wapi. Nikasema labda panya.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefanya jaribio la joto. Yangu nyuzi sitini na moja, ya shemeji sitini na nane, maana ameiwekea kasi ndogo isipige kelele. Fundi sauti kasema basi kesho ni sare na cheo ni changu, nikapumzike. Nilichoka kweli. Ila mimi si mtu wa kuacha mambo yajiendee.

Pampu ya shemeji ina nyaya mbili. Mmoja mnene, wa umeme, mmoja mwembamba. Mwembamba ndio unaopeleka amri ya kasi. Nikiuchomoa, pampu haitapata amri. Na nani anafanya kazi bila kuamriwa? Mimi sijawahi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika wa kwanza. Nikauchomoa. Saa nne bosi akaanza kupima. Pampu ya shemeji ikaunguruma! Kumbe isipopata amri yoyote inakimbia kwa nguvu zote, ili kompyuta isiungue. Nani aliifundisha adabu hiyo?

Yangu sitini na moja. Yake hamsini na tisa. Bosi kasema hiyo ndiyo anayoitaka, inayonyamaza pasipo kazi na kukimbia penye kazi. Akampa shemeji mkono.

Shemeji akafungua kompyuta yake, akaona waya unaning'inia, akanigeukia. Nikajua leo nimekwisha. Machozi yakamtoka. Akanikumbatia mbele ya watu, akasema shemeji yake kauchomoa ili yeye ashinde. Nikasema ndiyo. Ningefanyaje?

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kafika. Shemeji alishamsimulia kila kitu. Akanishika kwa mikono miwili, akasema mkwe kama mimi hajazaliwa mwingine: kupata cheo, kisha kumwachia mdogo wako! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mke wangu amekaa nami miaka kumi na moja. Aliingia chumbani, akarudi na kipande cha sponji alichokikuta mfukoni mwa koti langu, akakiweka mezani mbele yangu, karibu na chai. Niliona aibu. Niliona aibu kweli, na kwa dakika nzima nilikusudia kubadilika.

Ila shemeji kanifanya msaidizi wake. Kanikabidhi funguo za chumba cha mitambo, kasema hakuna mtu anayemwamini zaidi. Kesho tunafunga pampu zake sita, na bosi atakuja kuziona zikiwashwa.

Nimewaza wee, mpaka kosa langu nimeliona. Nilichomoa waya mwembamba. Kesho nachomoa ule mnene.