Mtunzi Alirudia Mara Kumi na Tisa

Jumamosi, 8 Juni 1968
Naapa kuandika yote humu, hata ya kuniaibisha. Sitarajii mengi.

Ijumaa kila mwanachama wa Chama cha Muziki cha shule ataleta santuri na kuieleza. Atakayeshinda ataenda Nairobi na Mwalimu Murugi kusikiliza okestra. Nafasi moja tu garini! Mimi fidla nimeiona kwenye picha tu. Wangechi ataleta kwaya. Ubunifu ulioje!

Leo mjini nilimwomba Bwana Govind santuri ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Akanipa moja bure. Okestra ya kisasa kabisa, ya Ulaya. Alisema imekaa dukani miaka minne, na mkewe amekataza isipigwe tena akiwa hai. Maskini, hana sikio.

Jumapili, 9 Juni
Upande wa pili una doa la samli. Nimelisugua kwa majivu, kama tulivyofundishwa kusafisha sufuria. Panang'aa! Sikupata alama tisini na mbili za usafi bure.

Jumatano, 12 Juni
Nimejaribu upande wa kwanza. Wangechi akauliza, ati hii ni okestra ama ni watu wanahama nyumba? Mzee Gatimu, mpishi wetu, akaja mbio kuuliza nani ameangusha sufuria zake. Nikawaeleza kwamba mtunzi anaonyesha fujo za dunia ya leo. Jalada linasema hivyo. Upande wa pili nauficha mpaka Ijumaa.

Ijumaa, 14 Juni
Ushindi! Yaani, karibu ushindi.

Upande wa pili ulianza kwa kuhama nyumba kulekule. Miayo ukumbi mzima. Halafu, ghafla: pa, pa, krii! Pa, pa, krii! Tena na tena! Miguu ikaanza kugonga sakafu. Mzee Gatimu akaingia na mwiko wake akicheza mwomboko: hatua mbili, kuinama, hatua mbili, kuinama. Hata Wangechi alitikisa bega. Nilimwona! Nikapaza sauti kwamba hapa ndipo penye moyo wa kazi nzima, na kwamba mtunzi anarudia kwa makusudi.

Mara ya kumi na tisa, Mwalimu Murugi akainua sindano. Akasema kwa upole kwamba santuri imekwaruzwa. Akaniuliza, Wakonyo, uliisafisha na nini?

Wangechi anakwenda Nairobi.

Jumamosi, 15 Juni
Mkwaruzo! Mkwaruzo gani unajua mwomboko?

Ili kuonyesha sina kinyongo, asubuhi nimemsafishia Wangechi santuri yake ya kwaya. Inang'aa pia.

Kisha nimemwandikia mtunzi mwenyewe, kwa anwani iliyo kwenye jalada. Nakala ni hii:

"Mheshimiwa Bwana Mtunzi, Mwalimu wangu ni mtu mwema, lakini alikukatiza. Gari linaondoka tarehe 29, kwa hiyo tafadhali nijibu siku ileile utakayopata barua hii. Alipoinua sindano ulikuwa umerudia mara kumi na tisa. Je, zilikuwa zimebaki ngapi?"