Kona ya Mwisho Wirrabilla

Jumatatu, 2 Oktoba
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Jumamosi ni mbio zetu za farasi za majira ya machipuko hapa Wirrabilla. Kwenye ubao wa washindi, pale baa ya klabu, jina la mwenyekiti wetu Bevan Crouch limeandikwa kwa dhahabu mara nne. La marehemu baba yangu mara mbili. Langu? Wapi! Na nyasi za uwanja ule nimezikata mimi miaka thelathini na moja. Farasi wangu Ngojangoja ana miaka tisa, mwaka huu anastaafu. Ni sasa au basi tena.

Jumanne, 3 Oktoba
Nimepata! Ngojangoja anapenda tope. Kwenye ukavu hujikokota kama shahidi anayeitwa mahakamani. Mvua hatujaiona tangu Juni, lakini lori la maji anaendesha nani? Mimi, Lionel. Nikamweleza mke wangu Glenys. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, akaendelea kukuna nazi ya keki. Huyu mwanamke!

Alhamisi, 5 Oktoba
Tangu alfajiri nimemwaga malori sita kona ya mwisho, upande wa ndani. Mgongo, jamani! Mchana Bevan akaja kupima ardhi kwa fimbo. Ikazama karibu yote. Akaniuliza hapa tunakimbiza farasi au tunapanda mpunga. Nikasema bomba limepasuka. Bomba liko ng'ambo ya uwanja, na alilichimbia yeye mwenyewe.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nilimwambia Tamsin, anayempanda farasi wangu, abane ndani. Kona ya mwisho wenzake wote wakatanua kukwepa tope. Ngojangoja akapita ndani peke yake. Anaongoza! Nililia, sioni haya kusema. Nikaliona jina langu ubaoni, dhahabu tupu.

Kisha akasimama. Akanusa. Akakunja magoti, akalala, akagaagaa miguu juu, kama punda jivuni. Tamsin aliruka salama, akanijia ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Lionel, ulisema anapenda tope. Mbona hukusema anapenda kulilalia?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Farasi wa Bevan ameshinda. Mara ya tano.

Jumapili, 8 Oktoba
Kamati imekutana bila mimi. Wamepigilia kibao pale konani: KONA YA LIONEL. Glenys kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi sikucheka. Nimekwenda na futi kupima. Herufi zangu ni kubwa mara tatu kuliko za Bevan kule ubaoni! Nikazipima tena. Baba angefurahi. Au angejifunika uso kwa kofia, sijui.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Kosa halikuwa tope. Kosa ni uchache wake. Likijaa uwanja mzima, ataliona la kawaida, hatalala. Basi Ngojangoja hastaafu ng'o, na lori nimeshalitia mafuta.