Hasi Mbili na Nafasi ya Kipa

Jumatatu, 10 Februari

Mvua tangu alfajiri. Madam Persis ametangaza mtihani wa hesabu Ijumaa: milinganyo miwili yenye x na y, uzitafute zote mbili. Atakayefeli haendi Kenyenya kwenye mechi ya timu ya shule.

Mimi ni kipa wa pili. Wa kwanza ni Nyangau, mwenye mikono mirefu, na hajawahi kuniachia lango hata dakika moja. Lakini hesabu hizi hazielewi. Akifeli, lango ni langu.

Tatizo dogo: mimi pia sizielewi.

Jumanne, 11 Februari

Nimejitolea kumfundisha Nyangau. Vibaya, bila shaka. Ila huwezi kumpotosha mtu kwenye njia usiyoijua. Nikamwendea binamu yangu Sheila, wa kidato cha nne, anionyeshe pale watu wanapokosea. Akasema sawa, kwanza nimsaidie kuchuma majani chai. Nimechuma mpaka vidole vikawa vyeusi.

Kumbe ni hivi: unatoa mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine ili herufi moja iondoke. Ukitoa hasi, inageuka chanya. Hapo wengi huanguka. Nikamwomba aparudie hapo, tena na tena. Akasifu bidii yangu.

Jumatano, 12 Februari

Somo nyuma ya jikoni la shule. Nimemwambia Nyangau kwamba hasi mbili zikikutana zinamezana, hakibaki kitu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hata Sheila anafanya hivyo. Akashukuru, akanigawia ndizi yake.

Niliitazama kwanza. Nikaimaliza.

Alhamisi, 13 Februari

Balaa. Madam aliandika ubaoni 2x + y = 11, na chini yake 2x − y = 5. Nyangau, ambaye huwa hainui mkono, akauinua. Akatoa. x zikaondoka vizuri. Halafu y zikamezana. Akaandika kwa ujasiri kwamba sifuri ni sawa na sita.

Darasa zima lilicheka. Madam akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Ni Ronny, Madam," akasema, bila ubaya wowote.

Nikaitwa mbele. Nikachukua chaki. Nilipofika pale penye mtego, mkono ulikwenda wenyewe: kwenye y ukitoa hasi y, unapata y mbili. y mbili ni sita. y ni tatu, x ni nne. Madam akakagua. Nane na tatu, kumi na moja. Nane toa tatu, tano.

Akasema inaonekana Nyangau hakunisikiliza vizuri. Nyangau akakubali, akaniomba radhi mbele ya wote.

Nilimsamehe.

Ijumaa, 14 Februari

Mtihani. Madam alikuwa amemweleza Nyangau upya. Mimi sikuhitaji kuchungulia kwa mtu. Hali ngeni kabisa.

Jumatatu, 17 Februari

Nimepita! Nyangau naye amepita, kwa hiyo mimi ni wa benchi tena. Si kitu. Ninasafiri, Madam hajui lolote, na leo nimekula ugali nikashiba kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Nyangau ameahidi kunishikia kiti kando yake kwenye basi la timu kesho. Ameniambia kwa siri kwamba barabara yenye kona nyingi humtapisha, hasa akiwa amekunywa maziwa.

Nimemwomba mama maziwa lala, yaliyoganda vizuri, jagi zima. Nimemwambia ni ya rafiki yangu.