Daktari Kutu na Paa la Benki

Jumatatu, 10 Juni

Balaa! Gus Pelletier kastaafu. Magoti, anasema. Miaka kumi na tisa Gus amekuwa Mlinzi wa Shaba, shujaa wa katuni tunayoiigiza kwenye tamasha letu, na miaka yote hiyo mimi, Verlin Stuckey, nimekuwa adui yake, Daktari Kutu. Kila mwaka hunikamata juu ya paa la benki ya zamani na kunirusha chini mbele ya mji mzima. Kinachorushwa ni mwanasesere wa majani makavu aliyevaa joho kama langu. Mimi wakati huo nimechuchumaa nyuma ya bomba la moshi, nimefumba macho. Siwezi kupanda hata kiti kubadilisha balbu.

Mrithi wake ni bintiye, Corinne. Miaka ishirini na mitatu. Kazi yake kuezeka mapaa! Amesema mwanasesere ni utoto, mji mzima unajua (unajua!), na Jumamosi hii Daktari Kutu atashuka mwenyewe kwa kamba. Ghorofa tatu. Dada yangu Maxine, mwenyekiti wa kamati, alipiga makofi. Mimi nilisema wazo zuri. Kisha nikaenda msalani, nikakaa huko hadi kikao kilipokwisha.

Jumanne, 11 Juni

Sikulala. Nikifumba macho naona lami.

Nimeiandikia kamati barua. Kurasa sita. Nimewaambia ushujaa si duka la viatu, baba akichoka anamwachia binti funguo. Mashujaa wa kurithi ndio walioozesha katuni za nchi hii! Shujaa akizeeka analetwa mpwa. Mpwa akifa analetwa jirani. Na kifo chenyewe hakina heshima tena, mtu anazikwa Machi na Agosti yuko dukani ana joho jipya. Nimenukuu toleo la 61, ambamo Mlinzi anaapa kwamba joho lake litazikwa naye. Wachoraji wa New York walichukua jina la mji wetu bila hata kuuliza, wakaijengea Vantry yao majumba ya ghorofa sabini. Sisi Vantry ya Illinois tuna benki tu. Basi angalau sisi tuwe waaminifu kwa maandiko!

Barua kali. Sikutaja paa.

Jumatano, 12 Juni

Aibu. Barua yangu ilisomwa ukumbini mwa kanisa, wakati wa chakula cha pamoja. Corinne alisikiliza hadi mwisho, uma mkononi. Kisha akauliza kwa upole kama nimesoma toleo la 88. Nikasema toleo la 88 ninalo, tangu nikiwa kijana, safi kabisa, ndani ya plastiki yake. Akasema sijauliza unalo, nimeuliza umelisoma?

Sijalisoma. Nani anafungua plastiki? Kona zingekunjika!

Kumbe katika toleo la 88 Daktari Kutu wa kwanza anafia ndani ya pipa la tindikali, na barakoa inachukuliwa na mwanafunzi wake. Kutu ninayemtetea miaka yote hii ni wa pili. Na hapa mjini, Corinne akaendelea, barakoa si alikuachia marehemu Hoskins mfamasia? "Basi na wewe ni wa kurithi, mzee wangu. Tukuvue?"

Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na pai ya cheri. Maxine alimgonga mgongoni huku naye akicheka.

Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 13 Juni

Mkakati mpya: kifundo cha mguu. Nilifika kwa Maxine na mkongojo, nikiguna. Nilitarajia apige simu tamasha liahirishwe. Akasema pole, kaka, na akampigia Tolliver, daktari wa meno.

Tolliver anaitamani barakoa yangu miaka sita sasa. Wagonjwa wake wanasema hufanya mazoezi ya kicheko kiovu wakiwa wamekaa vinywa wazi na hawawezi kukimbia. Alifika baada ya dakika kumi. Akaijaribu. Ilimkaa!

Nilipona hapo hapo. Nilitupa mkongojo, nikavuka sebule bila kuchechemea, nikamvua ile barakoa kwa mikono yangu. Maxine alisema uponyaji wa namna hii hajausoma hata kwenye Injili, na kama nimepona, basi nimepona mpaka juu ya paa.

Bila barakoa mimi ni nani? Mtu anayeandika barua gazetini kulalamikia taa za barabarani. Nikiwa Kutu, watoto hunizomea kwa jina.

Ijumaa, 14 Juni

Mazoezi. Nilipanda hadi paani nikihesabu ngazi. Hamsini na nne. Kisha upepo. Sikujua paa lina upepo wake. Nikalishika bomba la moshi kwa mikono miwili. Gus alipaza sauti kutoka barabarani: "Verlin! Mbona umelikumbatia bomba kama bibi harusi?"

Corinne hakucheka. Alinifunga mikanda kiunoni na mapajani, akavuta kila fundo mara mbili, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikiwa na hofu niseme tu, hakuna aibu, mwanasesere bado yuko stoo.

Neno moja tu! Mlango ulikuwa wazi.

Nikamjibu kwamba Daktari Kutu haijui hofu, na kama ana shaka asome toleo la 34.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika ninavyoweza.

Saa tisa alasiri. Uwanja umejaa, watu hadi juu ya malori. Corinne ndani ya shaba anameta kama sufuria mpya. Amenifunga mikanda, akainama kutafuta ncha ya pili ya kamba aifunge kwenye chuma. Nikatazama chini. Wavu wa zimamoto ulikuwa mdogo kama leso.

Miguu iliamua bila kunishauri. Nilikimbia! Nikaingia kwenye mlango wa paa, nikaupiga komeo, nikashuka ghorofa tatu kwa pumzi moja nikiburuta kamba yote nyuma yangu. Nilijikuta uwanjani, joho begani, peke yangu.

Juu, shujaa anagonga mlango. Kisha mtu akasema, "Kutu kashinda."

Haijawahi kutokea. Watoto walianza kulia, mmoja, kisha wote. Bibi mmoja nisiyemjua alinipiga na mkoba wake. Corinne aliteremshwa kwa ngazi ya zimamoto. Nilijificha nyuma ya banda la soseji hadi uwanja ulipobaki mtupu. Najua nimekwisha.

Jumapili, 16 Juni

Sijakwisha! Baada ya ibada watu walipanga foleni kunishika mkono. Tamasha bora tangu lianze! Corinne alinikumbatia, akasema, "Umetuua, mzee Verlin. Ule ndio uovu." Wote wanadhani nilipanga. Nikawaambia nilipanga. Tangu Jumanne, nikaongeza. Nikaeleza falsafa ya mpango huo kwa muda wa dakika ishirini.

Ndipo Corinne akasema mhalifu aliyeshinda hawezi kurudi kwenye paa la benki. Mwaka ujao atashuka kutoka mnara wa maji nyuma ya shule. Maxine akaweka mezani karatasi ya kusainiwa na Kutu wa mwaka ujao. Gus akanivuta kando. Akaninong'oneza kwamba aliniona jana nilivyotoka mle ndani, uso mweupe kama unga. "Waambie ukweli, ndugu yangu. Watakupenda vilevile."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari, naapa. Lakini Tolliver alikuwa ameshachukua kalamu.

Nikampokonya. Nikasaini kwa herufi kubwa, Daktari Kutu, mshindi, na mstari chini yake. Ndipo nikauliza mnara una futi ngapi.