Marehemu Aliyechemsha Rejeta

Kitongoji kizima cha Vosloorus kilimwita Mthobisi Nyathi "Doktari", ingawa hospitali pekee aliyowahi kulala ni ile aliyozaliwa. Alijitangaza kuwa tabibu wa magari ya Kijerumani. Spana hakuwa nayo hata moja. Alichokuwa nacho ni sikio na mdomo. Aliegemea boneti la mtu, akafumba macho, akashusha pumzi kama aliyepewa habari za msiba, kisha akasema, "Ndugu yangu, injini hii haifiki Pasaka." Mwenye gari aliuza haraka kwa bei ya kutupa, na mnunuzi, kwa huruma tu, akawa Doktari mwenyewe.

Jumamosi moja alikuwa mahali wanapoosha magari, akiisugua Golf yake nyeupe. Tumpe haki yake: mtu huyu alikuwa tapeli, lakini Golf ile aliipenda kwa dhati. Ilikuwa ya lile umbo la zamani la boksi. Kioo cha dereva kilizuiwa na kipande cha ubao kisizame mlangoni, na mvua ikinyesha abiria alilowa soksi. Lakini ilikunywa petroli kwa adabu na haikuwahi kumlaza njiani, na wake wangapi wa mjini wanaweza kusifiwa hivyo?

Karibu yake, juu ya kreti, mzee mmoja alikuwa analia huku ameshika bia. Aliitwa Lungelo Radebe.

"Baba, kulikoni?" Doktari akauliza.

"Kaka yangu. Nimemwacha njiani."

Habari ilitoka kwa mafungu, kati ya kwikwi na bia. Kaka yake, mzee Radebe, alifia kwenye kituo cha mafuta pale Villiers, ameketi ndani ya Gusheshe lake jekundu, lile gari la Kijerumani la zamani ambalo vijana wa mitaani huliota usiku, pai mkononi, akisubiri injini ipoe. Lungelo akakabidhiwa tawi la mti, akatumwa kwenda kuichukua roho ya kaka yake na kuileta nyumbani, kama ilivyo desturi. Na anayebeba tawi haongei na mtu yeyote njiani isipokuwa marehemu mwenyewe.

"Mimi nikapokea simu!" Lungelo akaangua kilio upya. "Nilishasema 'haloo' ndipo nikakumbuka!"

Doktari aliacha kusugua. "Pole sana, Baba. Na hilo Gusheshe liko wapi siku hizi?"

"Kwa shemeji yangu, MaKhoza. Limefunikwa shuka tu. Mwanamke wa watu, atalifanyia nini?"

Doktari alilazimika kuketi. Gusheshe zima, lenye taa zake nne za mviringo, nguvu zote kwenye magurudumu ya nyuma, na ambalo vijana hawajawahi kulizungusha uwanjani mpaka matairi yatoe moshi! Kule Durban alikuwa na rafiki, Zwelakhe, ambaye kwa gari la namna hiyo angeuza nyumba ya mama mkwe na mama mkwe akiwemo. Mungu, alijisemea Doktari, hamtupi mja wake.

Kesho yake alifika kwa MaKhoza amevaa suti ya vipande vitatu. Hakubisha hodi. Alisimama getini akaanza kumwaga sifa za ukoo wa Radebe.

"Bhungane! Mthimkhulu! Wenye masikio mazuri yote mawili!"

MaKhoza alitoka akijifuta mikono kwa aproni, mama mnene, mpole, mwenye miwani. "Nani huyo anatusifu na jua lote hili?"

"Mimi ni mwanao, Mama. Mthobisi Radebe. Damu moja na marehemu."

"Aa! Radebe wa wapi, mwanangu?"

"Wa kule chini, Mama."

"Kule chini wapo wengi," alisema MaKhoza, akafungua geti.

Gari lilipofunuliwa Doktari alisahau kwa kitambo kwamba yuko kazini. Lilikuwa jekundu kama siku lilipotoka kiwandani.

"Unalipasha moto kabla ya kuondoka, Mama?"

"Mpaka mshale uguse robo. Baba yako alisema Gusheshe ni kama mtu mzima, usimwamshe kwa makelele."

"Na mkanda wa ndani ya injini?"

"Ulibadilishwa kabla hajafariki. Ukikatika huo, mwanangu, unazika injini." MaKhoza akapapasa boneti kwa kiganja. Alimpenda sana yule mzee, na gari hili ndilo lililobaki na harufu ya tumbaku yake. "Ila mimi ni mtu wa kusikia tu. Nyinyi ndio wenye masikio."

Doktari aliomba maji ya kunywa. MaKhoza alipoingia ndani, alifungua boneti, akachomeka kipande cha boksi la biskuti mbele ya rejeta upepo usipite, akafunga. Kisha akamwomba Mama wauzunguke mtaa na gari mara chache. Waliporudi mshale ulikuwa unakaribia kwenye wekundu.

Doktari akaweka sikio juu ya boneti. Akafumba macho. Akatoa kitambaa, akajifuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Mama, hii si pampu ya maji. Wala si feni. Ni mzee."

"Mzee gani tena?"

"Mzee Radebe. Aliyembeba aliongea njiani, si kweli?"

MaKhoza akashika kifua. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, kutoka humu ndani. Amekwama, Mama, na ana hasira. Ndiyo maana gari linachemka. Siku moja litalipuka nawe ukiwemo." Akapunguza sauti. "Mimi ni damu yake, naweza kumstahimili. Chukua Golf yangu. Ndogo, tulivu, ya kwendea sokoni na kanisani. Mimi nibebe huu mzigo wa ukoo."

Mama aliitazama Golf pale getini, akazungusha macho kwenye rimu, kwenye viti, kwenye kile kipande cha ubao. "Haili sana petroli?"

"Inanusa tu."

"Basi tubadilishane," MaKhoza alisema, na moyo wa Doktari ukacheza ngoma. "Lakini siwezi kukupa gari na mume wangu yumo. Kwanza tumrudishe Villiers, tumchukue upya kwa heshima, tumlete nyumbani. Na abebe nani kama si wewe? Si umesema ni Radebe?"

Hapo mjanja mwenye akili angekumbuka miadi ya daktari wa meno. Lakini tamaa haina meno ya kuuma.

Jumapili iliyofuata wakaondoka, jua la Januari likichoma. Doktari alidhani angeendesha yeye. MaKhoza alikaa nyuma ya usukani bila kuuliza mtu, akavaa glavu za marehemu, akasubiri mshale uguse robo. Lungelo, ambaye hakuonyesha kumkumbuka Doktari hata kidogo, alifuata nyuma na Golf, maana, alisema Mama, gari likihamia nyumba mpya sharti lizoeane na watu.

Kwenda, Doktari aliongea njia nzima. Alimweleza Mama jinsi ya kushika kona, na Mama akashika kona iliyomfanya abadili mada. Walipofika kituo cha mafuta, akakabidhiwa tawi lenye majani mabichi. Aliliburuza taratibu kwenye lami mbele ya wanunuzi wa pai, akaita, "Radebe! Bhungane! Twende nyumbani, Baba!" Dereva wa lori akavua kofia. Doktari alijiona mchungaji.

"Kuanzia sasa," MaKhoza alimwambia akimfungia mkanda kwenye kiti cha nyuma, "ni wewe na mzee tu. Ukiongea na mwingine, tunamwacha tena. Na wajomba wananisubiri nyumbani. Wale hawana subira kama mimi."

Wakaingia darajani. "Mzee," Doktari aliliambia tawi, kama inavyotakiwa, "sasa tunavuka mto Vaal."

"Vizuri sana," alisema MaKhoza. Kisha akafungulia kipasha joto mpaka mwisho. "Mzee hakupenda baridi."

Upepo wa moto ukamjaa Doktari kwenye suti. Alifungua kinywa, akakifunga. Jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi.

"Mzee," akaliambia tawi kwa unyonge, "nadhani umeshapata joto la kutosha."

"Mzee hajibu," alisema MaKhoza. "Bado anasikia baridi."

Ndipo simu ya Doktari, aliyoiacha kati ya viti vya mbele, ikaanza kulia. Kwenye kioo liliandikwa jina la Zwelakhe. Doktari akaitazama kama mtu anayemwona nyoka kwenye kikapu cha nguo.

"Wewe huruhusiwi kupokea, maskini," MaKhoza alisema. "Ngoja nikusaidie."

"Mzee!" Doktari alililia tawi. "Mzee, mwambie mkeo aiache simu hiyo!"

"Mambo yenu na mzee siyasikilizi," alisema Mama, akabonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Doktari!" Zwelakhe akanguruma. "Gusheshe langu liko wapi, kaka? Yule bibi kizee bado anaamini ni marehemu anayechemsha rejeta?"

"Bado anaamini, mwanangu," MaKhoza alijibu kwa upole. "Subiri kidogo." Akakata.

Kilomita nyingi zilipita. Injini iliimba vizuri kabisa, bila homa yoyote. Doktari alimkumbatia mzee Radebe kifuani kama mtoto mchanga. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Nje, mbuga za nyasi zilikimbia kwa kasi ambayo mtu hawezi kuruka akabaki na miguu.

MaKhoza akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kipande cha boksi la biskuti. "Baba Radebe," alisema, akiliangalia tawi kwenye kioo, "mpe huyu kijana ajipepee, ana joto. Nilikikuta mbele ya rejeta siku ile alipoondoka, kabla hajafika kona ya mtaa. Uliniambia mwenyewe: mwenye Gusheshe hufungua boneti kabla ya kufungua mdomo."

Doktari akapokea boksi. Akajipepea. Lilisaidia kidogo.

"Mzee," alisema kwa sauti iliyokauka, "naomba umuulize mkeo anataka nini."

"Baba, mwambie hivi. Nikifika nyumbani naweza kuwapa wajomba ile simu, wampigie huyo rafiki yake Zwelakhe, wasikie wenyewe. Ama Golf ibaki kwetu, na mimi nisahau. Kichwa changu cha kizee husahau haraka kikipewa gari dogo."

"Mzee! Golf ile nimeilea! Mwambie achukue kitu kingine! Achukue suti!"

"Mwambie suti imelowa."

Doktari akageuka nyuma. Kupitia kioo aliiona Golf yake ikifuata kwa unyenyekevu, Lungelo akiwa ameweka kiwiko dirishani kana kwamba alizaliwa humo. Machozi yakamtoka, na safari hii yalikuwapo.

"Mzee," alisema, "mwambie ni yake."

"Amen," alisema MaKhoza, akazima kipasha joto.

Nyumbani wajomba walikuwa uani wakichoma nyama. Doktari alishuka kwa heshima zote, kichwa chini, tawi mikononi, akipita katikati yao polepole bila kumtazama mtu. Mjomba mkubwa, koleo la nyama mkononi, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

"MaKhoza," aliuliza, "huyu kijana amekumbatia tawi la mpichi la nini?"

Doktari akasimama.

"La mpichi?" akauliza. Sasa alikuwa anaongea na kila mtu.

"Wa pale kwenye ua wangu," MaKhoza alisema. "Tawi la kubebea marehemu lina miiba, mwanangu, mmoja umenyooka, mwenzake umejikunja. Mtoto wa Radebe hulijua hata kwa kuligusa gizani. Wewe umelibeba hili kilomita zote zile, hukushangaa mbona halikuchomi."

"Kwa hiyo mzee..."

"Mzee alirudi nyumbani juma lile lile alilofariki, akaletwa kimya kimya na mtu anayejua kubeba. Mimi siwezi kumfanyia mume wangu mchezo. Leo tumebeba majani tu, na Gusheshe limepata mazoezi. Likikaa sana linaota kutu kwenye breki." Akamshika bega, kwa huruma ya kweli. "Usijisikie vibaya. Aliyekuja kabla yako alituachia friji."

Wajomba wakamkatia kipande cha nyama, maana mgeni ni mgeni. Alikila akiwa amesimama, akiitazama Golf. Lungelo alikuwa anajaribu honi.

Mdomo wa Doktari, ambao haujawahi kukosa neno tangu uote meno, ulitafuta neno ukapata moja tu la mwisho. Yule Lungelo ni mlevi, aliwaza, na mlevi hubembelezeka.

"Mama, nipe basi namba ya simu ya Baba Lungelo. Nitampigia kesho, tuongee kiutu uzima kuhusu gari."

MaKhoza alivua glavu za mumewe, akazikunja moja juu ya nyingine.

"Namba gani, mwanangu? Lungelo hana simu. Hajawahi kuwa nayo."