Kustaafishwa kwa Birika la Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wapangaji wa mabati! Sogeeni nyinyi wa Kabiro, na nyinyi wa Kibera mvuke mtaro mje, mnyamazishe watoto kwa kipande cha andazi, msikie habari kubwa ambayo magazeti yaliikalia. Kwa maana Januari ile ya elfu mbili na nane magazeti yalikuwa na kazi nyingine. Yalihesabu kura, yakahesabu tena, yakagombana na hesabu, yakasahau kabisa kumwandika Munyao mwana wa Nzuki, Simba wa Mjengo, Mbeba Mawe Asiyetetemeka Magoti, aliyeipindua serikali ya birika nyumbani kwake bila kumwaga damu, ingawa maziwa yalimwagika.

Vita vilianza hivi. Mama mkwe wake Kasyoka, Malkia wa Kitui, alipiga kura kwao, akapanda basi kesho yake kuja Kabiro kuona mjukuu, akisema hatakaa. Mara matokeo yakatangazwa, na nchi ikafungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Mabasi yakalala. Malkia akabaki ndani ya chumba kimoja, na hapo ndipo palikuwa na shida, maana Wakamba wana nthoni, ile haya ya heshima: mwanamume na mama ya mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongeleshani ovyo. Huko Kitui ni rahisi, mtu anaingia shambani anapotea. Kabiro kuna pazia. Upande wa kitanda palikuwa himaya ya Kasyoka, bintiye Nduku na mtoto Muia. Upande wa mlango palikuwa himaya ya Munyao, na hata hapo alikuwa kama mgeni, kwa sababu kulala alilala kwa jirani, Osewe fundi wa viatu.

Kisha mafuta ya taa yakaisha madukani. Makaa nayo yakawa kitu cha kusimuliwa. Na birika, lile birika kubwa la alumini alilolileta Kasyoka mwenyewe siku ya harusi ili bintiye asikose chai, likakaa juu ya stovu baridi limenuna kama diwani aliyeangushwa.

Asubuhi moja sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nduku."

"Eeh, mwaitu," Nduku akamwitikia mamake.

"Mwambie huyo bwana yako, leo ikifika saa kumi sijaona chai, na si strungi, chai ya kupikwa, nafunga leso yangu naenda Kitui na miguu. Na wewe unabeba mtoto tunaenda."

"Mwaitu, barabara yote ni moto."

"Basi hapo ndio tutachemshia."

Nduku akaligeukia pazia. "Baba Muia, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Hajakuongelesha wewe. Ngoja nikuambie." Akamwambia yote upya, na moto pia akautia.

Munyao akasimama, wala hakucheka. Alimjua mama huyo. Akisema na miguu, ni na miguu. Na huko nje risasi hazikuwa na macho, na Nduku alikuwa na mtoto wa kunyonya. Akafunga kamba za viatu, akatoka kwenda kutafuta moto mahali popote moto mzuri ulipobaki.

Miguu yake ikampeleka Lavington, kwa mzungu aliyekuwa akimjengea ukuta. Mzungu alikuwa ameshakimbilia uwanja wa ndege, na vitu vyake amemwachia soja wa geti agawie watu. "Munyao, umekuja kama vimeisha," soja akasema. "Imebaki hii tu. Dispensa."

Ilikuwa mtambo mweupe wenye kimo cha mtoto wa nasari, kichwani mtungi wa plastiki uliosimama miguu juu, kifuani koki mbili, nyekundu ya maji moto na bluu ya baridi. Unachomeka kwa stima, unangoja kidogo, unafinya, maji yanatoka yamechemka. Hakuna mafuta, hakuna makaa, hakuna kupuliza mpaka macho yatoke. Munyao akaufunga kwa blanketi, akaubeba begani kama mfalme aliyeteka mji.

Akafika kona ya Kabiro, na tazama, jeshi la vijana limelaza matairi barabarani.

"Simama hapo! Mzee, umefunika nini?"

"Dispensa."

"Dispensa ndio nini? Maboyz, hii ni sanduku ya kura!"

"Ndio zile zilipotea! Funua!"

Wakafunua. Kiongozi wao, pande la mtu lenye rungu, akauzunguka mtambo kama daktari anayezunguka mgonjwa wa bei ghali. "Mbona koki hii ni ya bluu? Bluu ni ya kina nani?"

"Ya maji baridi, mkubwa."

"Na hii nyekundu?"

"Ya maji moto."

"Na ya rangi ya chama chetu iko wapi?"

Hapo Munyao aliona kaburi. Lakini shujaa hafi na maneno mdomoni. Akaweka mtambo chini, akainua mkono, akanguruma: "Enyi majemadari wa kona hii, mliozuia malori na mabasi! Mimi sibebi kura ya mtu. Mimi nabeba chai ya mama mkwe! Amesema saa kumi. Sijasema mama, nimesema mama mkwe!"

Rungu likashuka. Hata tairi liliacha kutoa moshi kidogo.

"Mama mkwe ako kwako?" kiongozi akauliza polepole. "Ndani ya single, chumba kimoja?"

"Tangu kura."

"Woi." Akatoa kofia. "Pole, mzee. Maboyz, toeni tairi! Huyu ako na vita yake."

Basi akaingia ploti, na huko akamkuta adui wa pili, Lusweti keateka, msimamizi wa vyumba vya kupanga, Mlinzi wa Meta, aliyepiga marufuku koili za kuchemshia maji, pasi na kila kitu kinachopasha moto, kwa kuwa ploti nzima ilining'inia kwenye fyuzi moja iliyochoka. Lusweti alisikia koili kama mbwa anavyosikia mfupa. Munyao akampita akisema amebeba kabati. Osewe akaitwa. Mlango ukafungwa.

Munyao akaliinua birika kutoka stovuni, akalishika kwa mikono miwili. "Ewe Birika, mwana wa alumini! Umeungua matako kwa ajili yetu. Umelia filimbi asubuhi na jioni bila kudai chochote. Lakini enzi yako imekwisha. Nenda, pumzika juu ya kabati!"

"Nduku," pazia likasema, "huyo mtu anaongea na birika yangu?"

"Eeh, mwaitu. Anaistaafisha."

"Muulize itakuwa inakula nini."

Munyao akalipandisha birika juu ya kabati. Kisha akakumbuka jambo, akashika kichwa: mtambo hutoa maji tu. Maji moto na majani ni strungi, na strungi imekataliwa. Chai ya kupikwa ni maziwa, maji, majani na sukari, vyote vichemke pamoja, vipande juu, vishuke, vipande tena.

"Boss," Osewe akanong'ona, "si utie kila kitu hapo ndani? Ikichemka, imechemka."

Hekima kama hiyo hutoka mara moja kwa kizazi. Wakamimina mtungini maji, pakiti ya mwisho ya maziwa, majani, sukari na tangawizi iliyopondwa, wakaupindua, wakachomeka. Mtambo ukaguna. Balbu za ploti nzima zikawa nyekundu kama macho ya mlevi, na kwenye redio ya Lusweti msomaji wa habari akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayezirai.

"Nani ameweka koili?" Lusweti akanguruma uani.

Osewe akaruka nje, akamkinga kwa silaha ambayo mwezi ule hakuna mwanamume aliyeweza kuikwepa. "Lusweti, wacha nikuulize kitu. Hivi kura za kwenu zilihesabiwa vizuri?"

"Zihesabiwe wapi!" Lusweti akasimama, akaweka mikono kiunoni, akaanza tangu uhuru.

Ndani, Munyao akafinya koki nyekundu. Kimya. Akafinya tena. Majani yalikuwa yameziba koo la mtambo, nao ukaanza kutetemeka na kupiga chafya. Nje, Lusweti alikuwa amefika uchaguzi wa juzi, hana tena pa kwenda. "Ngoja kwanza! Hiyo koili!" Miguu yake ikasikika ikikimbilia swichi kubwa.

Munyao akanyakua sindano ya kushonea viatu aliyoiacha Osewe mezani, akapiga goti, akachoma koki moyoni.

Phwaaa! Chai ikaruka. Ikapiga kalenda, ikapiga shati, ikapiga dari, na iliyobaki ikaingia kikombeni, ya kahawia, yenye povu, yenye harufu ya tangawizi. Papo hapo stima ikakatwa, na chumba kisicho na dirisha kikawa pango.

Munyao akageuza uso ukutani kama inavyopasa, akasukuma kikombe chini ya pazia.

"Fungua!" Lusweti akagonga. "Koili iko wapi?"

"Nyamaza!" Nduku akafoka. "Mwaitu anakunywa!"

Mlango ukanyamaza. Likasikika funda moja. Likasikika la pili, refu. Kisha leso ikachakarika, na Munyao akafumba macho, asijue kama inafungwa au inafunguliwa.

Kikombe kikarudi chini ya pazia, kitupu.

"Ongeza," Kasyoka akasema.

Nduku akafungua mdomo apeleke ujumbe, akakuta umeshafika.

Osewe akapiga kigelegele ambacho hakikumfaa mwanamume, na Lusweti, ambaye hakujua kumetokea nini, akapiga makofi. Basi nyinyi wenye kuandika historia, mkifika Januari ile, mkishaandika waliotia saini na waliokataa, acheni mstari mmoja kwa ajili ya Munyao mwana wa Nzuki, na mwandike kwamba siku ile, saa kumi, hakuna aliyeenda Kitui na miguu.